Nati Iliyobaki

Spana namba kumi niliinunua Konde.
Namba kumi na mbili niliazima, na mpaka leo sijairudisha.
Bisibisi ni ya cherehani ya mke wangu.
Hiyo ndiyo karakana: ukuta wa jiko, mkeka,
na juu ya mkeka pikipiki yangu, matumbo nje
kama kuku wa Idi.

Mimi si fundi.
Mimi napima mwani Tumbe, naandika kilo za watu kwenye daftari,
nafunga magunia nyuma, naondoka.
Lakini mwani huitwa mkavu kabla haujakauka.
Maji ya chumvi yanatona, tone, tone, juu ya cheni,
na cheni ikanuna, ikaota kutu
rangi ya maji ya mkandaa.

Nilimpelekea Shoka, fundi hasa.
Akasema kesho.
Kesho ya kwanza alikuwa harusini.
Kesho ya pili umeme hakuna.
Kesho ya tatu nikaikuta plagi yangu
inampeleka Wete, kwenye pikipiki yake.

Basi nikaisukuma mpaka nyumbani, nikakaa chini.

Kabureta ni kitu cha kufumbata mkononi,
lakini ukikifungua kina vyumba na vichochoro.
Ndani nilikuta mchanga, bawa la sisimizi,
na petroli ya chupa iliyogeuka gundi.
Jeti nikaizibua kwa uzi mmoja wa waya wa breki.
Plagi nikaipiga msasa,
mwanya wake nikaupima kwa vocha ya simu iliyokwisha kwanguliwa.
Zuwena kashika tochi, anauliza kila mara:
hiki ulikitoa wapi?
Namwonesha bila kusita,
kisha nakitia pengine.

Saa sita za usiku ikabaki nati.
Moja. Ndogo, safi, haina lawama.
Tukaizungusha pikipiki nzima na tochi
tukitafuta tundu linaloililia.
Hakuna.

Nikapiga kiki. Kimya.
Nikapiga tena. Ikakohoa, ikatema moshi mweupe,
kisha ikanguruma hata jirani akafungua dirisha akanilaani,
nami nikaipokea laana kama hongera.

Keria, hiyo ndiyo iliyonitoa jasho.
Mama alikuwa na kitanda cha chuma, ubavu mmoja umekatika.
Chukua, akasema, mimi nishazoea chini.
Siku mbili msumeno, siku moja mashine ya kuazima,
cheche zikinitoboa shati.
Viungo vimevimba kama vidole vyenye baridi yabisi,
lakini vinashika.
Chini yake nikafunga bati la kopo la mafuta ya kupikia,
nimelikunja mfano wa mfereji,
chumvi iteremke barabarani, cheni isiijue.
Mama akaja kutazama.
Akapapasa chuma, akakitambua kwa mkono.
"Juu ya hiki nilikuzaa," akasema,
"nawe ulikuwa mzito kushinda gunia hilo."

Siku hizi nikipanda mlima na mzigo
nasikiliza chini badala ya mbele.
Ile tik-tik ni valvu.
Ile kwaru ni breki ya nyuma, inataka viatu vipya mwisho wa mwezi,
Mungu akipenda na bei ya mwani ikipenda.
Na ile nyingine, nisiyoijua,
inayokuja kwenye gia ya tatu tu,
kila nikiisikia natia mkono mfukoni.
Nati ipo, pamoja na funguo.
Nimeshazoea uzito wake.

Juzi alfajiri, hodi.
Kijana simjui, katoka Micheweni akisukuma,
suruali imelowa umande mpaka magotini,
pikipiki imemwegemea kama mgonjwa.
"Fundi yupo?"

Nikageuka nyuma
kumtazama anayeitwa.

Zuwena alikwisha kutandika mkeka.